Siku moja ya afisa mikopo Karagwe

Saa 1:30 asubuhi. Kikao. Benki Kuu inataka mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, isizidi asilimia 5, na tawi letu linakaribia hapo. Mimi nasubiri sentensi ya meneja inayofuata. Akisema "pesa zirudi kwa vyovyote", jioni kuna mtu atachukuliwa mbuzi. Leo amesema tuwatembelee, tuwasikilize. Nimeshukuru.

Saa 3. Mzee mwenye akiba kwetu anauliza kama benki yetu nayo itafungwa. Swali la haki: Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki 5 kwa upungufu wa mtaji, mojawapo ya wakulima hapa Kagera. Wakati ule bima ya amana, inayomlipa mwenye akiba benki ikifungwa, ilikomea shilingi 1,500,000. Sasa ni 7,500,000. Namwambia hivyo, na kwamba kinachozidi hapo hakina bima. Huenda akahamisha pesa zake. Ni zake.

Saa 5. Fomu ya shemeji wa mwenzangu ofisini, milioni 5, dhamana nyumba na shamba. Sheria inataka ridhaa ya mke. Saini ipo, imekolezwa vizuri, ila mke huyo namfahamu kanisani: hutia dole gumba. Mwenzangu ameshagonga muhuri. Si mwizi. Kwake huko ni kumsaidia ndugu, na hilo ndilo linalonitisha katika benki za vijijini: dhuluma huingia ikiitwa wema, na anayeihoji ndiye huonekana ana roho mbaya.

Saa 8 mchana. Nimefika kwao kwa bodaboda. Mke anatandika mkeka, ananipa kahawa ya kutafuna. Namsomea fomu yote. Anauliza, "Kahawa isipozaa, tutalala wapi?" Hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya kuuliza. Mwaka jana waliuza kwa butura, yaani kahawa ikiwa bado maua, na mavuno yote yakaenda kwa mlanguzi. Anakubali milioni 2 tu, marejesho yaanze chama cha msingi cha ushirika kikishalipa kahawa. Mumewe amenuna, kisha ameafiki. Kahawa nimeitafuna, mkungu wa ndizi nimeomba ubaki. Mkopo haujapitishwa bado.

Saa 10:30. Mwenzangu amekasirika, anasema nimemwaibisha. Tumeongea mlango ukiwa umefungwa. Fomu ya zamani imebatilishwa, na meneja ameweka ombi langu kwenye ajenda ya kesho: ridhaa ya mwenza isainiwe benki, mbele ya afisa asiye ndugu wa mkopaji, baada ya kusomewa kwa sauti.