Nilivyopatana bei ya gari lililotumika kidogo

Gari la mwaka mmoja hadi mitatu, lenye kilomita chini ya 40,000, lina mshindani mmoja: gari jipya la aina hiyohiyo. Kwa hiyo kabla ya kumpigia muuzaji yeyote niliulizia kwanza bei ya jipya, yaani bei ya kuondoka nalo, punguzo likiwa limetolewa na usajili umo ndani. Hiyo ndiyo dari. Gari jipya kwa kawaida hupoteza takriban moja ya tano ya thamani yake mwaka wa kwanza. Kama jipya ni 100, na lililotumika mwaka mmoja linatajwa kwa 92, mimi siendi hata kuliangalia. Dhamana ya kiwanda imeshaliwa mwaka mzima, na mkopo wa gari lililotumika mara nyingi una riba kubwa zaidi.

Nilipoijua dari nilitafuta bei ya soko. Nilikusanya matangazo ya magari yanayofanana kweli: mwaka uleule, injini na gia zilezile, vifaa vya daraja moja, kilomita zisizopishana kwa zaidi ya 10,000. Yakifika kumi na kuendelea, yapange kwa bei, tupa mawili ya juu na mawili ya chini, kisha chukua la katikati. Wengi hushika tangazo la bei ya chini kabisa na kwenda nalo kwa muuzaji kama rungu. Halisaidii, kwani mara nyingi ni la gari lililogongwa au la tapeli, na muuzaji analijua hilo kukushinda. La kutazama ni muda: tangazo lililokaa zaidi ya mwezi, au lililoshushwa bei mara mbili, ni la mtu aliye tayari kusikiliza.

Swali langu la kwanza kwenye simu lilikuwa moja: gari bado jipya hivi, linauzwa kwa nini? Likiwa la kukodisha, limepita mikono mingi, rimu zina mikwaruzo, lakini huenda sevisi zimefanywa kwa wakati. Likiwa la majaribio dukani, uliza tarehe ya usajili wa kwanza, maana dhamana mara nyingi huanza kuhesabiwa siku hiyo, si siku unayonunua wewe. Muuzaji asiye na jibu la swali hili, mimi humuaga.

Kwenye ukaguzi ndiko bei inakotengenezwa. Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Injini iliyokwisha kupashwa moto huficha mlio na moshi wa asubuhi. Kifaa cha kupima unene wa rangi kilinifaa kuliko macho. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa kati ya mikroni 80 na 150. Mlango ukisoma 250 na jirani yake 110, umepulizwa upya; ukipita 500, chini yake huenda kuna pati, ile lipu ya kufukia mabonde ya bati. Mlango mmoja uliopulizwa ni hoja ya bei tu. Nguzo za milango au paa vikisoma juu, achana nalo, hakuna punguzo linalotosha. Angalia pia boliti za fenda na boneti: rangi iliyochubuka kwenye kichwa cha boliti ina maana spana imepita hapo.

Tairi zina tarakimu nne pembeni: 1423 ni wiki ya 14 ya mwaka 2023. Tairi mpya kuliko gari kwenye kilomita 15,000 zinadai maelezo, kwani tairi za kwanza kwa kawaida hazijaisha hapo. Mpya huwa na kashata za kina cha milimita 8 hivi, na katika nchi nyingi kikomo cha sheria ni 1.6; zikibaki 3, gharama ya seti nzima inakungoja.

Kisha nilichomeka kifaa cha kusoma kompyuta ya gari chini ya usukani. Kukosekana kwa hitilafu hakutoshi. Tazama kama majaribio ya ndani ya mfumo yamekamilika. Mengi yakiwa bado, kumbukumbu imefutwa au betri imechomolewa karibuni. Liendeshe nusu saa, barabara ya mwendo na ya foleni, upime tena.

Kila kasoro niliiulizia gharama gereji kabla ya kutaja dau. Tuseme katikati ya soko ni 80, tairi ni 2, ufunguo wa pili haupo na sevisi imefika, jumla 1. Bei ya haki ni 77. Nilianza na 74, nikaisoma hesabu mbele yake, nikanyamaza. Kunyamaza ni kugumu, lakini anayejaza ukimya ndiye anayeshuka. Usikate kwa mambo yaliyomo tayari kwenye bei ya katikati, kama kilomita za kawaida na mikwaruzo midogo; hesabu yote itapoteza heshima.

Dukani watakuvuta kwenye marejesho ya kila mwezi. Rudi kwenye bei kamili, ada zote ndani, na gari lako la zamani liongelewe baadaye, peke yake. Bei ikigoma, omba vitu: sevisi, tairi mbili, ufunguo. Kwao ni nafuu kuliko pesa taslimu. Mwisho wa mwezi, wauzaji wenye malengo ya mauzo huwa wepesi zaidi.

Amana ilitoka baada ya namba ya chesisi kulingana kwenye bodi na kwenye kadi ya usajili (namba hiyo ina tarakimu na herufi 17, na haitumii I, O wala Q), na baada ya uthibitisho kwamba gari halijawekwa rehani ya mkopo. Risiti iliandikwa bei ya mwisho, vitu vilivyoahidiwa, na sharti kwamba amana inarudi yote fundi wangu akikuta kasoro ambayo haikutajwa.