Gemu mbili, Kiingereza cha kuombea maji

Binamu yangu aliporudi kutoka Muscat alikuja na Nintendo DS Lite nyeupe, kile kidude cha mkononi cha kuchezea gemu, chenye skrini mbili zinazokunjana kama kitabu. Bawaba imelegea, kalamu ya kugusia skrini haipo, chaja haipo, kaseti mbili zimetiwa kwenye kifuko cha dawa. Akaniuzia elfu 60. Nilijua ananipiga, ila nilikuwa nimechoshwa na gemu za simu: hujafika popote, tangazo limekuja. Nikamlipa kwa mafungu mawili msimu wa korosho, maana ndipo kibanda changu cha kutuma na kutoa pesa hapa Mtwara mjini kinapopata foleni.

Kazi ya kwanza ikawa chaja. Tundu lake si la simu. Fundi mmoja karibu na Soko Kuu alitengeneza kichwa cha kubandika, akakiunga kwa risasi na waya wa chaja ya simu. Chaja yake yenyewe hutoa volti 5.2, ya simu hutoa 5. Fundi akasema hiyo 0.2 tutaisamehe. Inachaji polepole, lakini ikijaa inanikalisha jioni kadhaa hata umeme ukikatika. Kalamu nikaitengeneza kwa kifuniko cha peni, ule ulimi wake wa plastiki. Haukwaruzi kioo.

Kaseti ya kwanza ilikuwa The Legend of Zelda: Phantom Hourglass, ya mwaka 2007. Kijana anaitwa Link, anazunguka visiwani kwa meli. Kila kitu unafanya kwa kalamu: ukigusa mahali anakimbilia hapo, na njia ya meli unaichora mwenyewe kwenye ramani ya bahari. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, kwa hiyo mazungumzo yote yale ya wahusika yalikuwa yananipita pembeni kama basi la moja kwa moja. Kilichoniokoa ni kwamba gemu inakuruhusu kuandika juu ya ramani. Nikawa naandika Kiswahili changu: "zimwi hapa", "mlango feki", "usirudi bila bomu". Sijawahi kuona gemu nyingine inayokuchukulia kama mtu mwenye peni na akili zake.

Kuna hekalu moja unalolazimika kulirudia tena na tena, na kila ukiingia, mchanga ndani ya saa yako ya mchanga unapungua. Ukiisha, maisha yako ndiyo yanaanza kuliwa. Hapo waliniudhi. Ni kama konda anayekurudisha stendi kila akiona kiti kitupu. Lakini zile alama zangu ndipo zilipolipa: ghorofa iliyonila dakika tatu mara ya kwanza, baadaye naipita upesi kwa sababu nimeshaandika mlango upi ufunguliwe vipi.

Na kuna duka linalouza mtambo wa kuopolea hazina baharini. Muuzaji anakutaka upaze sauti kwenye maikrofoni kuonyesha jinsi unavyoutaka, na kadiri unavyopiga kelele ndivyo bei inavyoshuka. Nilikaa muda nikiamini nimesoma vibaya. Hapa kwetu ukimwonyesha mwenye duka kwamba kitu umekipenda, umekwisha, bei inapaa mbele ya macho yako. Unatakiwa ukishike kwa dharau, ukirudishe, uanze kuondoka. Basi mimi kwa mazoea nikawa nanyamaza, na bei nayo ikawa imenyamaza palepale. Siku niliyopiga yowe, saa tano usiku, jirani aligonga ukuta akauliza, "Kuna mwizi?"

Sasa pale nilipokwama hasa. Skrini ya juu kuna nembo, ya chini kuna ramani, na maelezo yanataka nembo ihamie kwenye ramani. Neno lenyewe ni "press". Hilo nalijua! Kila kidude cha umeme kimeandikwa "press", maana yake bonyeza. Nikabonyeza. Nikabonyeza nembo, lakini skrini ya juu haisikii kalamu. Nikabonyeza ramani kila pembe, nikabonyeza vitufe vyote, nikapuliza kwenye maikrofoni maana kuna mahali pengine nilishatakiwa kupuliza mishumaa. Wiki mbili. Nikaanza kuamini kaseti ni mbovu, na nikamwambia hivyo binamu yangu, tena kwa maneno yasiyofaa kuandikwa.

Jumapili moja nilikuwa Mikindani kwa bibi. Akaniita nimshushie ndoo ya maji. Nikafunga DS, pa, maana ukiifunga inalala na gemu inakusubiri ulipoishia. Nikashusha ndoo. Kurudi, nafungua: nembo iko kwenye ramani.

Kumbe "press" ile ilikuwa gandamiza. Kama mhuri wa serikali ya mtaa: karatasi chini, muhuri juu, unakandamiza. Skrini mbili zikilaliana, muhuri umepigwa. Nilipojua nilicheka peke yangu mpaka bibi akatoka nje kuniangalia. Asiyejua hilo neno hata kidogo pengine angejaribu kila kitu. Mimi nilikuwa nalijua, ndiyo maana nikakaa wiki mbili.

Kuanzia siku hiyo bibi akawa mdau. Yeye anakiita kidaftari. Kaseti ya pili, Professor Layton and the Curious Village, tuliicheza pamoja. Hiyo ni mafumbo zaidi ya 100 ndani ya kisa cha profesa na kijana wake wanaoingia kijiji ambacho kila mkazi ana swali mdomoni. Mafumbo yalisimamiwa na Akira Tago, profesa wa saikolojia wa Japani. Ukikwama unanunua kidokezo kwa sarafu unazookota kwa kugusagusa madirisha na taa. Bibi hakuipenda hiyo.

"Kitendawili ukishindwa unatoa mji," alisema. "Hivi vipande vipande ni nini? Mji hautolewi nusu."

Basi tukaweka sheria yetu: badala ya sarafu, nikishindwa mimi nampa mji.

Fumbo lililomkaa ni la mbwa mwitu 3 na vifaranga 3 wanaovuka mto. Chombo kinabeba wawili, hakiendi bila mnyama ndani, na popote pale mbwa mwitu wakizidi vifaranga, wanawala. Bibi akasema hiyo si ya chui, mbuzi na majani? Nikamwambia inafanana ila ni ngumu zaidi. Akatandika mkeka, akachora Ruvuma kwa khanga, akapanga korosho 3 zenye maganda kuwa mbwa mwitu na 3 zilizobanguliwa kuwa vifaranga. Tulivusha, wakaliwa. Tukavusha tena. Katikati akatafuna kifaranga kimoja bila kujua, tukaanza upya.

Nilipokuwa nakwama ni palepale kila mara: nimeshavusha wanne, sitaki kurudisha zaidi ya mmoja.

"Rudisha wawili," bibi akasema. "Mbwa mmoja, kifaranga kimoja."

"Bibi, tunavuka au tunarudi?"

"Mume wangu, una haraka ya nini? Rudisha."

Nikarudisha. Safari 11, wote ng'ambo, hakuna aliyeliwa isipokuwa yule wa bibi.

Machache hatukuyaweza kwa sababu yamejengwa juu ya maneno ya Kiingereza chenyewe, na hayo siyahesabu kama tumeshindwa. Kisa tulikimaliza baada ya miezi mitatu hivi. Limebaki fumbo moja la kusogeza vipande ndani ya boksi mpaka kimoja kitoke mlangoni. Nimelisogeza hadi kioo kimepata ukungu.

Jumapili iliyopita nilinyoosha mikono. Lindi nilishampa, Masasi na Newala pia, Mtwara ilikwenda mwezi wa kwanza. Nikamwambia nampa Muscat.

"Muscat ni ya binamu yako," akasema. "Nipe wa kwako."