Nilivyohakiki kama joto la prosesa linasomwa sawasawa

Programu mbili kwenye kompyuta ileile zilikuwa zinabishana. Ya zamani ilisema prosesa ina nyuzi 28, mpya ikasema 38, na chini yake kulikuwa na mstari wa tatu ulioganda kwenye 127. Huo wa tatu haukunisumbua. Kwenye mazabodi nyingi, njia ya kihisi isiyounganishwa na kitu chochote husomeka 127 au -128, na programu huionyesha hivyohivyo.

Kazi ilikuwa kwenye zile mbili. Prosesa yangu ni ya Intel, na vihisi vya ndani vya prosesa hizi havitoi joto moja kwa moja kama kipimajoto cha ukutani. Vinachotoa ni idadi ya nyuzi zilizobaki kufikia kikomo cha joto cha prosesa, kisha programu inazitoa kwenye kikomo hicho ili kupata joto. Kwa hiyo programu ikikosea kikomo, kila namba inayoonyesha inahama kwa kiasi hichohicho. Tofauti ya nyuzi 10 isiyobadilika ilinitia shaka papo hapo.

Nilizima kompyuta usiku kucha. Asubuhi kipimajoto cha chumbani kilisoma 27. Nikawasha, nikafungua programu zote mbili haraka kabla mashine haijapata moto. Ya zamani ilisema 22! Hilo haliwezekani, kwani hakuna feni inayopoza kitu kikawa baridi kuliko hewa inayopuliza. Mpya ilisema 32, namba ya kuaminika zaidi.

Sikutaka kuishia hapo, maana vihisi hivi hulegalega vikiwa baridi. Usahihi wao huongezeka kadiri joto linavyokaribia kikomo. Kwenye Linux, ndani ya folda ya hwmon, yenye taarifa za vihisi, kuna faili inayoitwa temp1_crit, ambayo hutunza kikomo hicho. Kwangu ilikuwa na 100000, yaani nyuzi 100, kwa sababu hesabu huandikwa kwa sehemu za elfu. Programu ya zamani ilikuwa imekadiria 90.

Nikapunguza kasi ya feni, nikaipa prosesa kazi nzito kwa programu ya stress-ng, macho yangu kwenye kasi ya prosesa kuliko kwenye joto. Prosesa hujilinda yenyewe: ikifika kikomo hupunguza kasi. Gigahezi zilianza kushuka pale programu mpya iliposoma 100, na kwenye kumbukumbu za mfumo ukatokea ujumbe kwamba joto limevuka kiwango. Kwa maoni yangu, jaribio hili lina uzito kuliko bunduki ya kupima joto kwa miale, ambayo hudanganywa na chuma kinachong'aa. Kule kutofautiana kwa nyuzi nne au tano mashine ikiwa imetulia, siku hizi wala sihangaiki nako.

Kwa mwenye AMD hesabu ni nyingine. Ryzen 7 1800X, kwa mfano, huripoti Tctl, yaani joto la kudhibitia, iliyoongezewa nyuzi 20 makusudi, kwa ajili ya kuendesha feni. Ukiona 65 na prosesa haina kazi, usikimbilie kubadilisha pesti ya joto inayopakwa kati ya prosesa na kipoza chake; tafuta kwanza mstari wa Tdie, ambao ndio joto lenyewe.