Efa Moja ya Shayiri

Neno la wiki hii: Ruthu 2:1-23

Wengi tukimtaja Ruthu tunakumbuka maneno yake ya njiani, kwamba watu wa Naomi watakuwa watu wake. Maneno hayo husomwa hata harusini, ingawa aliyeyasema ni mjane akimwambia mama mkwe wake, mjane mwenzake. Mwandishi hakukaa sana hapo. Sura nzima ya pili ameimalizia kwenye kazi ya siku moja: Mmoabu huyu aliomba ruhusa kwa msimamizi, akashinda shambani tangu asubuhi, akapumzika kidogo tu, akala akashiba na kusaza. Jioni akayapura mwenyewe aliyoyaokota, akapata kama efa moja ya shayiri.

Tuipime hiyo efa. Kutoka 16 inataja kipimo cha mana ya mtu mmoja kwa siku, ambacho Biblia yetu inakiita pishi, na mstari wa 36 unasema ni sehemu ya kumi ya efa. Basi Ruthu alirudi na chakula cha watu kumi kwa siku moja, au cha yeye na mkwewe kwa siku tano. Kwa vipimo vya leo efa hukadiriwa kuwa lita 22 hivi. Chukua debe la lita 20 lililojaa, ongeza bakuli juu yake. Kwa shayiri ni kama kilo 13, na alizibeba mwenyewe mpaka mjini.

Torati ilikuwa imempa haki ya kuinama na kuokota masuke. Walawi 19:9-10 inamkataza mwenye shamba kuvuna pembeni na kurudia masazo. Kumbukumbu la Torati 24:19 inawataja mgeni, yatima na mjane. Ruthu alikuwa wawili kati ya hao watatu. Lakini masuke yanayodondoka nyuma ya wavunaji wazoefu ni machache, na mwokotaji peke yake hapati efa kwa siku. Ndiyo maana mstari wa 16 una uzito: Boazi, mwenye shamba, anaagiza vijana wachomoe masuke kwenye matita na kuyaacha makusudi. Mwandishi hakuficha hatari pia. Mstari wa 9 vijana wanaonywa wasimguse. Mstari wa 22 Naomi anamwambia asionekane katika shamba jingine.

Sasa tuje kwetu. Tanga inasifiwa kwa "waja leo waondoka leo", ila wako wengi waliokuja na hawakuondoka. Mkonge wenyewe ni mgeni: mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai upande wa Pangani ilikuwa 62. Nyuma ya mkonge wakaja manamba, vibarua wa mashamba hayo, wengine kutoka Burundi, wengine Msumbiji. Wanawake walifuata waume zao, na wengine walibaki wajane kambini, bila shamba la ukoo wala mjomba wa kumkimbilia. Mithali inasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Hawa hawakungoja kupewa.

Mama wa namna hii akifariki, tunamsomea wasifu wa dakika tano: alizaliwa, aliolewa, alijaliwa watoto, aliugua, akahamishiwa hospitali, akafariki saa fulani. Ugonjwa wa miezi mitatu unachukua nusu ya karatasi. Miaka arobaini ya biashara ya barazani inapewa neno moja, "mchapakazi". Hilo neno halina kipimo, na kila marehemu hupewa.

Kati ya maziko na arobaini kuna muda wa kutosha kuurekebisha wasifu. Anzeni na daftari la ubatizo parokiani au usharikani; ubatizo wa mtoto wa kwanza huonyesha alikuwa amekwisha kufika mwaka gani. Jina la kijiji chake msiliamini kwa karatasi moja, maana karani aliandika alivyolisikia. Ulizeni watu wawili waliolisikia kutoka kinywani mwake. Ulizeni alihesabu fedha kwa lugha gani akiwa peke yake. Watoto wasiulizwe peke yao, kwa kuwa wao walikuwa wamelala. Anayejua ni mwenye mashine ya kusaga, muuza nazi, na wenzake wa upatu. Na waliomwachia masuke makusudi, mwenye duka aliyemkopesha mchele au jirani aliyemshikia mtoto, nao waandikwe. Kujitegemea kwake hakupungui kwa kuwataja.

Kama alikuwa muuza vitumbua, andikeni vitumbua. Mchele kilo moja uliolowekwa tangu jioni, tui la nazi mbili, sukari robo kilo, iliki, hamira kijiko. Kwa joto la Tanga uji huumuka kwa saa moja hivi. Akitia hamira kabla ya kulala, alfajiri umechachuka na umeshuka, na kitumbua kinakuwa bapa. Uji ukiwa mwepesi hakituni. Ukiwa mzito kinakuwa kigumu katikati. Moto ukizidi, ganda linaungua na ndani ni mbichi. Kwa hiyo aliamka saa tisa usiku ili saa kumi na mbili wapita njia wavikute vya moto. Na kwenye mauzo alitenga kwanza mchele na nazi ya kesho, ndipo akanunua samaki. Ruthu 2:18 ni hivyohivyo: alichompa Naomi kilikuwa kile alichosaza baada ya kushiba. Aliyeandika mstari huo alijua jikoni kwa maskini mambo huendaje.

Jambo moja la mwisho, la wale watakaopika siku ya kumbukumbu. Chuma chake cha zamani, kile kizito chenye vishimo, msikisugue kwa sabuni na steelwire ili king'ae mbele ya wageni. Weusi ule ni mafuta yaliyoshikana na chuma kwa miaka, na ndio unaofanya kitumbua kibanduke. Kama binti mmoja amekwisha kukisugua kwa heshima ya mama, kikausheni juu ya moto mdogo, kipakeni mafuta kidogo kila kishimo, kiacheni kipate moto mpaka kianze kutoa moshi, kipoe, mrudie mara tatu au nne. Vitumbua vya mkupuo wa kwanza bado vitaganda. Wapeni watoto.