Ukoo wa zabibu za Valais: nimeufuta tena

Machi

Kwa asiyejua nilipoishia: ninachora ukoo wa mizabibu ya asili ya Valais, jimbo la Uswisi lililokaa kwenye bonde la mto Rhône, milima ya Alpi huku na huku. Karatasi kubwa ukutani, penseli, kifutio. Kila mzabibu una kisanduku chake, mstari wa juu unaelekea kwa wazazi, wa chini kwa watoto. Nilidhani ni kazi ya majira mamoja ya baridi. Haya ni ya pili.

Mimi ni mtu wa Dodoma, zabibu nimekua naziona, ila kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka. Huku mzabibu unalala miezi mitano, ukiutazama utasema umekufa. Jumamosi namsaidia mzee mmoja kupogoa, upande wa Salgesch. Malipo ni chupa mbili na maneno, na mimi nafuata maneno.

Juu kabisa ya karatasi wamekaa wazee wawili, Rèze na Humagne Blanche, ambao majina yao yamo kwenye hati ya mwaka 1313. Petite Arvine, anayesifiwa kuliko wote sasa, anatajwa 1602 tu. Rèze amebaki mashamba machache sana. Zamani ndiye aliyetoa mvinyo wa barafuni wa Val d'Anniviers: watu waliupandisha kutoka bondeni karibu na Sierre hadi vijiji vya juu na kuuweka kwenye mapipa ya mti wa larishi. Pipa halimalizwi. Ukipungua, unaongezwa mpya juu ya wa zamani, mwaka juu ya mwaka, kama kibuyu cha mtindi kinachobakizwa maziwa ya jana.

Mei

Cornalin nilimwandika kwa wino. Ujinga huo.

Jina lake la zamani ni Rouge du Pays, yaani mwekundu wa kwetu. Katika miaka ya 1970, akiwa karibu kupotea, walimpa jina jipya, Cornalin. Shida ni kwamba jina hilo lilikuwa na mwenyewe: mzabibu mwingine, ng'ambo ya milima, katika Bonde la Aosta, Italia. Na yule Cornalin wa Aosta yupo Valais pia, ila huku anaitwa Humagne Rouge. Ambaye, kwa taarifa yako, hana udugu wowote na Humagne Blanche wa pale juu.

Soma tena taratibu. Mimi nilisoma mara nne.

Waliofumbua fumbo ni wapimaji wa DNA, akiwemo Mswisi José Vouillamoz. Wakakuta Cornalin wa Valais ni mtoto wa Mayolet na Petit Rouge, wote wawili watu wa Aosta. Humagne Rouge naye ni mtoto wa huyo Cornalin wa Valais. Kwetu mtoto hupewa jina la babu yake. Hapa mzazi kachukua jina la mwanawe, na mwana kaazimwa jina la jirani. Nilipomsimulia mzee, alicheka, akasema yeye bado anasema Rouge du Pays na hajawahi kuchanganyikiwa hata siku moja.

Upande mzima wa kulia wa karatasi nikauchana.

Juni

Njia ya Grand Saint-Bernard, ya kuvuka milima kutoka Valais kwenda Aosta, imefunguliwa, nikamshawishi rafiki yangu mwenye gari. Kilele ni mita 2,469, na Juni bado kuna theluji kando ya barabara. Handaki lipo chini tangu 1964 lakini nilitaka kupita walikopita nyumbu, maana lazima vipandikizi vya Mayolet na Petit Rouge, au mtoto wao, vilivuka milima hii migongoni mwa mtu au mnyama.

Tulifika mpaka Morgex, ndani ya Bonde la Aosta, kumwona mzabibu Prié Blanc. Hayumo kwenye ukoo wangu, nilikwenda kwa tamaa tu. Anapandwa karibu mita 1,200 juu ya bahari, kwenye chanja fupi ambazo mkulima anaingia chini akiwa ameinama, na anasimama kwa mizizi yake mwenyewe kwa sababu filoksera, mdudu anayeua mizabibu kwa kula mizizi, haikumfikia. Valais mdudu huyo aliingia 1906, ndiyo maana kwa mzee kila mche unapandikizwa kwenye shina la Kimarekani, linalomstahimili.

Septemba

Albamu ya majani ya mizabibu niliyokuwa nakusanya ili niyachore imeoza. Niliyabana kwenye magazeti yakiwa na umande, nikayasahau wiki mbili. Yaliyopona ni saba, na manne niliyachuma kwenye ncha ya tawi, ambako majani bado machanga na yanadanganya. Jani la kuchora ni la katikati ya tawi. Nitarudia mwakani.

Cha kunifariji: chupa ya Petite Arvine, yenye chumvichumvi mwishoni ulimini, na Amigne wa Vétroz, ambaye utamu wake unaandikwa kwa nyuki kwenye lebo. Nyuki mmoja mkavu, watatu mtamu. Nimechora nyuki kwenye kisanduku chake.

Oktoba

Lafnetscha, mzabibu mwingine wa Valais, kanitoa nje ya karatasi. Mzazi mmoja ni Humagne Blanche, sawa, lakini wa pili ni Completer, mzabibu wa Graubünden, mashariki kabisa ya Uswisi. Nimegundisha karatasi ya pili upande wa kulia, sasa inafika mlangoni na mlango haufunguki vizuri.

Jumamosi tunavuna Humagne Rouge, ambaye huchelewa kuiva. Mzazi wake wa pili wataalamu hawajampata. Kisanduku kipo, kwa penseli, na alama ya kuuliza.