Fundi wa Kisumu akisema breki zimeisha, muulize milimita

Ujumbe wenyewe kila mtu wa ughaibuni anaujua: "Boss, pedi za mbele zimeisha, diski zimeliwa, na kalipa moja inatakiwa. Tuma pesa nianze." (Pedi ni vipande vinavyobana diski ili gurudumu lisimame, na kalipa ndiyo inayozishika na kuzisukuma.) Gari liko Kisumu au Nakuru, analiendesha mzee au shemeji, na wewe uko Minneapolis au Leeds, huna njia ya kuligusa. Wengi wetu hutuma zote kwa woga, au hukataa zote kwa hasira kwa kuamini mafundi ni wezi. Hilo la pili ndilo linaloniumiza zaidi, maana fundi anaweza kuwa amesema kweli, na anayekaa nyuma ya usukani ni mzazi wako.

Fundi aliyefungua gurudumu na kuangalia anaweza kukutajia unene kwa milimita na sababu ya kilichoisha. Kama hana namba, hajapima. Hapa Marekani gereji nyingi hukupa karatasi yenye unene wa kila pedi, kwa sehemu za 32 za inchi. 4/32 ni kama milimita 3. Fundi wa jua kali mwenye rula anaweza kukupa habari ile ile, na mara nyingi hutoa ukiomba kwa heshima: "Fundi, asante kwa kuangalia. Nipimie pedi ya ndani na ya nje, kila upande, halafu tuongee bei."

Pedi mpya ya mbele ya gari dogo huwa na takriban milimita 10 hadi 12 za ile sehemu inayosugua. Nyuma yake kuna bamba la chuma la milimita 5 hivi, nalo halihesabiwi kabisa. Hapo ndipo picha huchanganya watu: pedi iliyobakiza milimita 2 huonekana nene kwa sababu ya bamba, na ya milimita 6 ikipigwa kwa mbali huonekana imekwisha. Ikifika milimita 3, panga kubadilisha. Ikiwa chini ya 2, gari lisitembee safari yoyote ya maana. Mwambie apige video moja isiyokatwa, aanzie kwenye namba ya gari, aende kwenye gurudumu lililotolewa, rula ikiwa imelazwa juu ya pedi. Video ya hivyo ni vigumu kuifanya kwa pedi ya gari la mtu mwingine.

Kelele peke yake si ushahidi. Pedi nyingi zina kijichuma pembeni kinachogusa diski zinapokaribia kuisha na kutoa mlio mkali. Hilo ni onyo halali. Lakini mkwaruzo wa asubuhi baada ya mvua, unaopotea ukikanyaga breki mara chache, ni kutu ya juu juu tu. Na gari linalopita murram huokota kijiwe kikakaa kati ya diski na bamba la kukinga vumbi, likalia vibaya sana ilhali pedi ziko sawa.

Usikubali kamwe kipimo cha pedi ya nje peke yake. Ya ndani haionekani vizuri kwa kuchungulia kwenye rimu, na ndiyo inayosema mengi. Ikiwa ya nje ina milimita 7 na ya ndani ina 2, kalipa haitelezi: pini inazotelezea zimekauka au zimeshika kutu, mpira umechanika ukaingiza vumbi na maji, au pistoni, ile inayosukuma pedi, hairudi. Fundi anayebadilisha pedi tu hapo atakupigia simu tena baada ya muda mfupi kwa tatizo lile lile. Na anayekuambia ununue kalipa nzima kabla ya kuchomoa pini, mwambie azichomoe kwanza. Pini husafishwa, hupakwa grisi maalum ya breki inayostahimili joto, na mipira yake hubadilishwa. Grisi ya kawaida ya bearingi isitumike, kwa sababu huvimbisha mpira na pini hushika tena. Kalipa hununuliwa pale pistoni imeliwa na kutu, au inaendelea kuvuja hata baada ya kubadilishiwa sili.

Diski ndicho kitu kinachoongezwa kwenye orodha kirahisi kuliko vyote. Karibu kila diski imepigwa mhuri wa unene wa chini unaoruhusiwa, kwa kawaida maneno MIN TH na namba, ama ukingoni ama kwenye sehemu ya katikati. Omba picha ya mhuri huo na kipimo cha diski yenyewe. Tahadhari moja: diski iliyotumika huacha ukingo ambao haukuguswa na pedi, na vania (kipimio chenye taya mbili) ikikaa juu ya ukingo huo itasoma unene ambao haupo tena. Maikromita (kipimio chenye ncha ndogo) inayoshika ndani ya njia ya pedi, ikipimwa sehemu kadhaa kuzunguka, ndiyo inayosema kweli. Mifereji midogo unayoihisi kwa ukucha haitoshi kuitupa diski. Usukani ukitetemeka mzee akishika breki kwenye mteremko wa Kiboswa kuelekea Mamboleo, sababu kubwa ni unene wa diski usiolingana. Diski inaweza kuskimiwa, yaani kusawazishwa uso, kwa mashine, mradi baada ya kuskimiwa ibaki juu ya namba ya mhuri. Isipobaki, nunua mbili, kushoto na kulia. Kabla ya yote, kiti cha habu, pale diski inapokaa, kisuguliwe kwa brashi ya waya. Kutu kidogo pale hupindisha diski mpya kabisa, na lawama humwendea aliyeuza spea.

Piga hesabu pia. Pedi zilizoanza na milimita 11, zikatembea kilomita 40,000 na kubakiza 6, zimekula milimita moja kwa kila kilomita 8,000. Hadi kufika 3 zina kama kilomita 24,000 nyingine. Hesabu hiyo ni ya dereva yule yule na njia ile ile. Gari la tambarare za Ahero likianza kushuka kila wiki kutoka Mau Summit hadi Salgaa, tena dereva akiwa na tabia ya kupiga free (kuteremka gia ikiwa nyutro) badala ya kushusha gia, pedi zitaliwa haraka zaidi na mafuta ya breki yatachemka mapema. Kwa hiyo kabla ya kumshuku fundi, uliza gari limekuwa likienda wapi.

Nyuma, Toyota kama Probox, Axio na Fielder nyingi zina dramu, ngoma inayosuguliwa kwa ndani na shuu badala ya diski na pedi. Handibreki ikipanda juu sana, mara nyingi inahitaji kurekebishwa, si kununuliwa shuu mpya. Toyota nyingi zinaruhusu kitambaa cha shuu kifike milimita 1. Kitu cha kuogopa ni silinda ndogo ya ndani ya dramu: ikivuja, hulowesha shuu, na shuu iliyolowa mafuta haisafishiki. Hubadilishwa pande zote mbili.

Mafuta ya breki kushuka kidogo kwenye kikombe ni kawaida, maana pedi zikipungua pistoni hutoka nje zaidi. Ukijaza hadi juu, yatamwagika siku ya kufunga pedi mpya, nayo huharibu rangi. Yakishuka ghafla, huo ni uvujaji. Yabadilishwe kila miaka 2 hivi, kwa sababu hunyonya unyevu wa hewani: mafuta ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, yaliyonyonya maji yanaweza kushuka hadi 140. Chupa ifunguliwe mzee akiona.

Kuhusu kununua, tenganisha spea na leba. Chukua namba ya chesisi kwenye logbook, uliza bei maduka mawili au matatu, na pesa ya spea iende moja kwa moja kwenye till (namba ya malipo ya simu) ya duka. Hapo hata ndugu aliye katikati, ambaye wakati mwingine ndiye anayeongeza bei kuliko fundi, hana pa kuingilia. Pedi halisi za mbele za Toyota huanza na namba 04465, shuu za nyuma 04495, diski za mbele 43512. Omba picha ya boksi na ya mgongo wa pedi. Zile kuukuu zirudishwe nyumbani ndani ya boksi la mpya, uzione kwa video.

Kazi ikiisha, fundi akanyage pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu kabla gari halijasogea. Pistoni zimesukumwa nyuma, na breki ya kwanza huenda isishike kabisa. Nati za gurudumu zikazwe kwa kuruka moja hadi ya mkabala, kwa nguvu ya Nm 103 kwa Corolla na ndugu zake. Kisha breki za taratibu kama 10, kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 10, na kupumzisha kidogo katikati ili pedi na diski zizoeane.

Zipo habari ambazo hazingojei video. Pedali inazama hadi chini, mafuta yanaonekana upande wa ndani wa tairi, au chuma kinasaga chuma. Mpigie mzee aegeshe hapo hapo alipo, ulipe breakdown (gari la kuvuta) ilivute hadi gereji, na milimita utaziuliza gari likiwa limesimama.