Miezi minane juu ya baiskeli

Leo nimepanda daladala kutoka Ngamiani mpaka Raskazone, hapa Tanga. Safari yenyewe fupi, lakini imenichukua miezi minane.

Mara ya kwanza hofu ya ghafla ilinikuta humo humo garini, nimebanwa siti ya nyuma. Moyo ukaanza kwenda mbio bila sababu, vidole vikafa ganzi, midomo ikachonyota, pumzi haishuki. Niliamini nakufa. Nikapiga kelele, "Konda, shusha!" Nikakaa chini ya mwarobaini, jasho linatiririka. Dakika kumi hivi baadaye ikatulia, nikabaki hoi kama niliyebeba magunia.

Hospitali wakanipima moyo na presha, hawakuona kitu. Shangazi akasema ni upepo mbaya, akanisomea na kunifukiza ubani. Sikumkatalia, mkono wake kichwani ulinituliza kweli. Mimi nikanunua baiskeli. Tanga baiskeli ni kitu cha kawaida, hakuna aliyeniuliza. Niliwaambia watu nafanya mazoezi. Kumbe nakimbia, na hofu inanifuata: baada ya daladala ikawa foleni ya benki, kisha safu za katikati msikitini, nikawa naswali mlangoni.

Mshauri niliyempata baadaye alinieleza taratibu. Mwili unamwaga adrenalini kana kwamba gari linaungua, nami nahema haraka mno hadi hewa ya ukaa inapungua kwenye damu. Ganzi ile inatokana na hapo. Hofu hupanda, hufika kilele, hushuka yenyewe. Ila kila nikiruka nje ya gari kabla haijashuka, mwili unaamini kweli nimeponea chupuchupu, na kesho yake unaogopa zaidi.

Leo ilinijia tulipokaribia Bombo. Nikashika chuma cha siti ya mbele, kimebanduka rangi, nikawa nakikwaruza kwa kidole gumba. Navuta pumzi nikihesabu hadi nne, naitoa hadi sita. Mama aliyekaa dirishani, kapakata kapu la samaki, akanitazama.

"Hujambo, baba?"

"Hofu tu, mama. Itapita."

Sijawahi kulitamka hilo mbele ya mtu nisiyemjua. Hakuuliza zaidi. Akafungua dirisha, akalisogeza kapu ili upepo unifikie.

Nilishuka mwisho wa gari pamoja na wenzangu. Nikakaa mpaka magoti yakaacha kutetemeka, kisha nikarudi kituoni kungoja gari la kurudi.